Pasipoti ya Nchi Uliyoikimbia

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Darasani tunaitaja methali hii kwa wepesi, lakini katika soko la Owino, hapa Kampala, nimeona jinsi inavyoweza kumlemea mtu. Swali langu ni hili: mkimbizi anapohuisha pasipoti ya nchi aliyoikimbia, je, anaikana hofu iliyomfanya akimbie?

Owino, ambalo kwa jina rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, lina wafanyabiashara waliotoka Kongo, na Kiswahili chao husikika kati ya marobota ya mitumba. Mama mmoja ninayenunua viatu kwake alikimbia vita Rutshuru, Kivu Kaskazini, na amesajiliwa Uganda kama mkimbizi. Pasipoti yake ya Kongo imekwisha muda, na binti yake aliyeko Nairobi amejifungua. Majirani wa kibanda chake wamegawanyika. Wengine humwambia aende ubalozini, kwani yeye ni Mkongomani na hiyo ni haki yake. Wengine humwonya kwamba akipokea pasipoti mpya, hifadhi yake itakuwa hatarini.

Wanaomwonya hawakubuni. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 1C, unasema ukimbizi hukoma mtu anapojiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake. Mwongozo wa UNHCR nao huchukulia kuhuisha pasipoti kuwa dalili ya nia hiyo, isipokuwa pawe na ushahidi wa kinyume. Nyuma ya sheria kuna hoja ya maadili: aliyepewa hifadhi kwa kuwa hana mlinzi hapaswi kumwendea mlinzi yuleyule. Nchi mwenyeji inastahili kuambiwa ukweli.

Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona inachanganya mambo mawili: kuwa raia wa nchi na kulindwa nayo. Pasipoti huthibitisha la kwanza. La pili huliahidi tu. Nilipomuuliza mama huyo maoni yake, alinijibu, "Mwanangu, mimi sikukimbia pasipoti. Nilikimbia risasi." Afisa wa ubalozi anaweza kumpa kitabu kipya, lakini hawezi kuzuia risasi Rutshuru. Kwa hiyo, akikiomba kitabu hicho, hasemi uongo kuhusu hofu yake.

Hata hivyo, wakimbizi wote hawako katika hali moja. Aliyeteswa na serikali yenyewe, kisha akaiendea kwa hiari, ana swali zito zaidi la kujibu. Ndiyo sababu ni lazima kila mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa: alimkimbia nani, na anaitaka pasipoti kwa ajili gani?

Tena wajibu si wa mkimbizi peke yake. Kifungu cha 28 cha Mkataba huohuo kinazitaka nchi wenyeji ziwape wakimbizi wanaoishi humo kihalali hati za kusafiria. Tukimtaka mama huyo asiiguse pasipoti yake, basi sisi wenyeji tuhakikishe anapata hati hiyo bila kuzungushwa. Kumfungia milango yote miwili, kisha kumwita mdanganyifu anapobisha hodi kwenye mmoja, ni dhuluma. Asili yake hajaiacha. Anachotafuta ni njia ya kwenda kumbeba mjukuu wake na kurudi salama.