Picha ya salon na mtu asiyeona

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, kule Kenya, Katuba, Kamalondo, na hata hapa Karavia kwa wale waliohama na vitu vyao vya zamani, picha ya salon haikuwa urembo tu. Wazazi wetu, zaidi miaka ya 1970, waliiita ukumbusho: kitu cha kufanya mtu akumbuke na awaze. Mgeni alikaa, akaangalia ukutani, akauliza. Mwenye nyumba njo alianza kusimulia.

Sasa, ndugu msomaji, mgeni akiwa kipofu tunamwambia nini? Na tuko na haki ya kumficha nini?

Swali hili si geni kwetu. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi yetu kwa tablo 101. Miaka ya 1973 na 1974, hapa Lubumbashi, alizionyesha kwa Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia, akasimulia kila moja kwa Kiswahili chetu, sauti ikiingia katika kanda. Kitabu kilitoka mwaka 1996. Tablo zenyewe zilikwenda katika museum ya Amsterdam. Kwa hiyo, mbele ya zile tablo, karibu sisi wote wa Lubumbashi tuko sawa na vipofu: tunashika maneno ya mwenye alizichora. Na Tshibumba hakutaja tu rangi na watu. Alisema yaliyokuja mbele na yaliyofuata, hata mambo ambayo jicho haliwezi kuyakuta kwenye kitambaa. Yeye alikuwa na ruhusa, picha ilikuwa yake. Lakini mwenye kueleza picha ya mwengine, ruhusa hiyo anaitoa wapi?

Tuliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja aandike picha ya nyumbani kwao kwa ajili ya mtu asiyeona. Mmoja alimsomea kambo yake, ambaye macho yamekufa, maelezo ya «Colonie belge» ya salon yao. Aliandika mstari mmoja: «Ni colonie belge, banapika muntu fimbo.» Mzee akanyamaza kidogo, kisha: «Mujukulu, na ule muzungu, anaangaria wapi?» Kijana akarudi ukutani. Mzungu amesimama na kofia yake nyeupe, pipa mdomoni. Haangalii mwenye kupigwa. Anaangalia wanawake wanaolia pale pembeni. Yule kijana amekula mbele ya ile picha tangu utoto, na hakukuwa ameona jambo hilo.

Kwa maoni yetu, jina la picha linafunga macho ya mwenye kuona. Ukisha kusema «colonie belge» umemaliza, kila mtu anajua: bendera nyeusi, manjano na nyekundu, askari na kofia nyekundu, wafungwa wenye nguo za mistari. Mwenye haoni anabaki na hukumu bila ushahidi. Kumwambia «mzungu mubaya» ni kumpa mawazo yako. Kumwambia mzungu anaangalia wapi, ni kumwachia yeye kazi ya kuhukumu. Na mzee huyu labda anajua mambo ya fimbo kupita sisi walimu wote pamoja.

Iko neno gumu zaidi, la heshima. Katika picha hizo mwenye kupigwa amelala kwa tumbo, suruali imeshushwa, damu inaonekana. Mtoto atamwambiaje kambo yake maneno hayo? Wengi waliruka. Tulipouliza, walijibu: «Mwalimu, ni haya.» Tunaelewa, adabu si kitu cha kuchezea. Lakini wenye macho wanaingia salon na kuona yote bila kuomba ruhusa ya mtu. Kumficha mzee kwa jina la heshima ni kumfanya mtoto mdogo nyumbani kwake mwenyewe. Kiswahili hakikosi njia: useme «wamemvua, wanampiga nyuma, damu inatoka», hakuna mzazi atakasirika. Heshima inachagua neno, haifuti jambo.

Kwa vijana wanaotaka kuandika hadithi na mashairi, zoezi hili linafaa kupita kuwafundisha vivumishi. Wanapenda mno kuandika «uzuri usioelezeka». Andikia kipofu hivyo, atakuuliza: sasa umenieleza nini? (Tena, sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu, shuleni hatujaanza kuwaza inatudai nini.) Siku hizi picha zinatembea katika telefone, na telefone ya kipofu inamsomea maandishi kwa sauti. Ikifika kwa picha isiyoandikwa kitu, mara nyingi inasema tu: picha. Basi. Marehemu wa familia, mtoto mchanga, arusi, yote ni «picha».

Mwaka huu tumewapa mamba muntu, yule mwanamke wa majini wa salon zetu, na tumekataza jina lake lisiandikwe hata mara moja, pia neno «uchawi». Karatasi zimerudi zimejaa nywele ndefu, mkia wa samaki, nyoka. Wawili tu njo wameandika kwamba amevaa saa mkononi.