Waziri Asiyejua

Je, waziri anayelipa Bunge jibu lisilo la kweli, bila kujua kuwa si la kweli, amesema uongo?

Tarehe 25 Aprili 2018, kamati ya Bunge la Uingereza ilimhoji Amber Rudd, Waziri wa Mambo ya Ndani, kuhusu kizazi cha Windrush: watu waliohamia kihalali kutoka Karibiani, wakaishi huko miongo kadhaa, kisha wakadaiwa hati za kuthibitisha haki yao ya ukaazi. Wapo waliopoteza kazi. Wapo walioondolewa nchini. Waziri alipoulizwa iwapo wizara ina malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa, alikana. Kumbe yalikuwapo. Tarehe 29 alijiuzulu, akisema ameipotosha kamati bila kukusudia.

Uongo huhitaji nia, na kwa kipimo hicho Rudd hakusema uongo. Lakini mbunge haulizi ili apime nia ya waziri. Huuliza kwa niaba ya yule asiye na mlango wa kuulizia. Na kwa huyo, kutojua kwa waziri na uongo wake vina uzito mmoja. Isitoshe, waraka uliotaja malengo hayo ulikuwa umepelekwa ofisini kwake. Yeye alisema hakuuona. Wanyonge walidaiwa karatasi za maisha yao yote, ilhali mwenye mamlaka hakuwa ameisoma yake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kujibu usilolijua, nawe umekabidhiwa dhamana ya kulijua, ni ujinga wenye hatia.