Tamaa kwa Dozi

Katika kikao cha ukoo, kijana wetu aliyemaliza mtaji wa duka kwa kubeti alihukumiwa kwa neno moja tu: tamaa. Wazee waliitikia, chai ikaletwa. Tangu hapo nina ugomvi na neno hilo.

Mimi naliita jambo hili uraibu wa tabia, nao sina haja ya kuufafanua. Shirika la Afya Duniani limeshaiingiza kamari katika orodha ya maradhi. Mimi nawatetea watafiti wanaoueleza uraibu huo kwa hesabu. Mwaka 1972 wanasaikolojia Rescorla na Wagner waliandika fomula fupi: kiumbe hujifunza kutokana na pengo kati ya alichotarajia na alichopata. Mwaka 1997 watafiti wa ubongo Schultz, Dayan na Montague wakaonyesha kuwa seli za dopamini za nyani hulia na kunyamaza kulingana na pengo hilohilo. Sasa fikiria mkeka wa kubeti. Ushindi wake hautabiriki, kwa hiyo pengo halizibiki. Na mkeka wa timu kumi unapochanwa na timu moja, mchezaji haondoki na somo la kushindwa. Anaondoka akiamini alibakiza kidogo.

“Binadamu si mashine, ana hiari!” alifoka mjomba nilipomweleza haya. Pingamizi hili hunichosha kuliko yote. Nani amekana hiari? Hiari huchagua kwa kupima thamani, na thamani hizo zilifunzwa mahali fulani. Mjomba mwenyewe humeza vidonge vya presha kila asubuhi. Sijamsikia akiihimiza mishipa yake iwe na maadili. Na wapo wagonjwa wa Parkinson, watu wazima wenye heshima zao, ambao baada ya kupewa dawa zinazoiga dopamini walianza kucheza kamari kwa mara ya kwanza maishani. Dozi ilipopunguzwa, wengi waliacha. Tamaa yao ilipimwa kwa miligramu? Ningeweza kukesha na kisa hiki, maana kinamvua nguo kila anayehubiri tabia njema kwa sauti kubwa.

Kwamba majaribio mengi ya watafiti hawa hufanyika maabarani, kwa visenti ambavyo havimuumi mtu, ni hoja ya haki, nami naikubali.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Fomula inayomweleza mraibu inaweza pia kumwambia mwenye kampuni ya kamari saa ya kumtumia ofa. Hapo hatia naigawaje? Kijana alibonyeza mwenyewe, deni ni lake, na fomula haina herufi ya lawama. Sijapata mizani. Lakini bodi zinazotoa leseni za kamari zianze kudai kuziona fomula za kampuni, si mapato peke yake.