Nia ya Anayesali, Jicho la Anayetazama

Mtu asiye Mwislamu anapoingia msikitini kwa udadisi tu, huzuka swali la kale katika falsafa: je, kuiona ibada ni kuijua? Katikati ya Bonde la Ufa swali hilo lina mahali pazuri pa kupimwa. Kando ya barabara ya Nairobi–Nakuru, karibu na Ziwa Elementaita, ipo Kariandusi, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe ambayo umri wake unazidi miaka laki saba. Kwenye barabara hiyohiyo imo misikiti ya Naivasha, Gilgil na Nakuru, miji iliyokua pamoja na reli. Huko Uislamu ulifika na Waswahili wa pwani, Wahindi, Wasomali na askari wa Kinubi.

Kariandusi imetengwa ili itazamwe. Mashoka mengi yamechongwa kwa obsidiani, kioo cheusi cha volkano, na pande zake mbili zinalingana kiasi kwamba ni vigumu kudhani zilitokea kwa bahati. Kwamba mchongaji alilikusudia umbo lile, wengi wanakubali; alikusudia kulitumia kwa kazi gani, wataalamu bado wanabishana. Mwenye nia hayupo, na jiwe halijibu.

Msikitini wenye nia wako hai, na mengi hujifunzwa kwa macho matupu. Viatu huvuliwa mlangoni, udhu huchukuliwa, safu hunyooshwa bega kwa bega. Mgeni wa kike huelekezwa upande wa wanawake, kichwa kikiwa kimefunikwa. Anayeamini kwamba Waislamu wote duniani husali wakielekea mashariki hustaajabu hapa, kwa kuwa kutoka Gilgil Makka iko karibu kaskazini kabisa, ikiegemea mashariki kidogo. Na kwa sababu ikweta iko jirani, nyakati za sala hazihami sana: adhuhuri huingia baada ya saa sita na robo mchana, na mwaka mzima haivuki saa saba.

Jicho la namna hii si la asiyeamini peke yake. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Maliki katika mji wa Washafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafii. Aliyoyaandika kuhusu misikiti ya mji huo ni kwamba ilijengwa kwa mbao, kwamba milangoni palikuwa na visima vifupi na kata ya mti yenye mpini, na kwamba aingiaye huosha miguu kisha huifuta kwenye mkeka mgumu. Imani alikuwa nayo. Kilichomvuta ni kile ambacho kwao hakikuwapo. Ugeni, basi, una daraja zake.

Lakini kiini cha sala hakimo katika orodha hiyo. Kwa Washafii nia ni nguzo ya sala, na mahali pake ni moyoni. Watu wawili wanaweza kusujudu kwa pamoja, mmoja akiwa mbele ya Mola wake na mwingine akiwaza bei ya viazi. Aliye kati yao hatambui tofauti. Kwa hiyo ile dhana kwamba mwenyeji anaona kitu ambacho mgeni amefichwa ni kweli nusu tu. Hapo wote wawili wanakisia, kama wanavyokisia wachimbuaji mbele ya jiwe.

Tofauti yao iko kwingine. Adhana humdai mmoja, haimdai mwingine. Muumini anaweza kuchelewa sala. Mgeni hawezi, hata akifika wakati imamu ametoa salamu. Asiyeweza kuchelewa wala kukosea hawezi kuijua sala kwa namna ile ya mtu anayeweza. Wala kujipanga safuni na kuinama pamoja na wengine hakuondoi tatizo, maana kwa sheria ya msikiti wenyewe mwendo usio na nia si sala.

Hata hivyo mtazamaji hafukuzwi. Washafii humruhusu asiye Mwislamu kuingia msikitini kwa idhini ya Mwislamu, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Wamaliki ni wakali zaidi. Tena, enzi za Mtume, Wakristo wa Najran walipokewa katika msikiti wake, Madina. Thumama bin Uthal, mateka, alifungwa kwenye nguzo ya msikiti huohuo hadi siku ya tatu, akaachiwa, akaenda kuoga na kurudi kusilimu. Ni lipi aliloliona lililomgeuza, mapokezi hayasemi.

Na idhini ina upande wake wa pili. Sala ikiisha, wazee wanaobaki kwenye zulia humwuliza mgeni ametoka wapi, husali wapi, na amekuja kutafuta nini. Naye atajibu, lakini nia yake iko moyoni vilevile, na wao watalazimika kuipima kwa mwenendo wake.