Kinu, Karasha na Haki

Kazi nzito haipendwi kwa uzito wake bali kwa riziki iletayo. Kwa hiyo mashine inapouondoa uzito, ni wajibu kuuliza riziki imekwenda wapi.

Nyamisangura ni kata ya Tarime, wilaya yenye dhahabu ya Nyamongo. Katika machimbo madogo ya Tanzania, mawe yalipondwa kwa nyundo na kutwangwa kinuni, na kutwanga kuliwapa wanawake wengi ujira. Kisha likaja karasha, pipa la chuma lizungushwalo na injini, ambalo mipira ya chuma ndani yake husaga mawe yakawa unga. Lifanyalo kwa saa chache, mikono mingi haikulimaliza kwa siku.

Karasha lisilaumiwe kwa nguvu zake. Atwangaye kutwa huku akivuta vumbi la mawe hana starehe ya kuonewa wivu. Jambo la kuhukumiwa ni mapatano. Mara nyingi mwenye karasha huchukua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kuwa malipo yake. Lakini zebaki hunasa sehemu tu ya dhahabu. Nyingine, aghalabu iliyo kubwa, husalia mchangani, na sianidi huitoa baadaye. Hivyo aliyeshuka shimoni huondoka na kidogo akishukuru, na mwenye mashine husalia na kingi akinyamaza.

Huenda ikajibiwa kwamba mwenye mashine alitoa fedha yake, hununua mafuta na vipuri, na hakumlazimisha mtu. Hoja hii ina kweli, na faida yake ni halali. Lakini hiari ya mtu asiyejua atoacho ni hiari pungufu. Auzaye kwa giza hakuuza. Amenyang'anywa kwa upole. Mali bila daftari, walinena wazee, hupotea bila habari.

Tangu mwaka 2019 Tanzania ina masoko ya madini, ambako dhahabu hupimwa mbele ya muuzaji. Marudio nayo yastahili kupimwa kabla ya kuachwa, ili mchimbaji ajue bei ya kusagiwa. Tena wachimbaji wakichanga wakanunua karasha lao, faida itawarudia waliotoka jasho, na wanawake walioacha mchi waweza kuwa na fungu katika ushirika huo. Mashine haina dhamiri. Dhamiri ni ya wagawanyao kipato chake.