Samaki wa Ziwa Ndani ya Sanduku la Vioo

Mvuvi akirudi kutoka ziwani na ndagala au mukeke, hakuna anayemwuliza kama ametenda haki. Watoto wanangoja chakula, na samaki ni chakula. Lakini katika Ziwa Tanganyika wako wavuvi wa namna nyingine. Hao huzama penye mawe na kukamata samaki wazima kwa wavu. Samaki hutiwa katika mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, wakapelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na nchi nyingine za mbali. Huko mtu huwaweka nyumbani mwake, katika sanduku la vioo, apate kuwatazama. Basi twauliza: ni haki kumfunga kiumbe kwa ajili ya kufurahisha macho?

Mwenye sanduku hujibu: «Wewe unamla samaki, mimi ninamlisha. Ni nani kati yetu mkali?» Neno hilo si la kipumbavu. Tulipime.

Aliyemvua samaki akamla, amemaliza mambo naye siku ileile. Aliyemvua ili akae naye hajamaliza, bali ameanza. Ziwani samaki alijitafutia chakula, alijichagulia mwamba, na akifukuzwa alikimbia. Sasa hayo yote hayawezi tena. Basi anayemfuga yampasa awe ziwa lake: maji yake, chakula chake, maficho yake. Hilo ni deni, wala halilipwi kwa fedha zilizomnunua.

Tutwae mfano. Katika nusu ya kaskazini ya ziwa yuko samaki ambaye mtaalamu Georges Marlier, aliyefanya kazi Uvira, alimpa mwaka 1959 jina la Tropheus duboisi. Akiwa mdogo ni mweusi, mwenye madoa meupe kama nyota za usiku. Kwa madoa hayo wanunuzi humpenda. Lakini akikua, madoa hufutika, na mwilini hubaki ukanda mmoja tu. Naye aweza kuishi miaka 10 na zaidi. Chakula chake ni ukoga wa kijani anaoukwangua juu ya mawe; akizoezwa chakula cha nyama, tumbo lake huugua. Tena wakiwekwa wachache katika sanduku dogo, mwenye nguvu humwandama mnyonge hata kumwua, maana hapana pa kukimbilia. Je, yule aliyependa madoa alimpenda samaki? Madoa yakiisha, atamtunza nani?

Liko deni la pili, nalo ni kwa ziwa lenyewe. Samaki wa jamaa ya Tropheus hawavuki kwa urahisi mahali pa mchanga mpana wala pa kina kirefu. Kwa hiyo wale wa mwamba huu hupata rangi yao, na wale wa mwamba ule rangi nyingine. Jike hulea mayai yake kinywani, nayo ni machache. Mwamba ukivuliwa kupita kiasi, majirani hawaji upesi kuujaza. Rangi ile ikipotea pale, yaweza kuwa imepotea duniani pote.

Basi tuseme kwamba kazi hii ni dhambi? Hapana. Mvuvi anayezama hutafuta riziki ya nyumba yake, na mtu anayestaajabia kazi ya Mungu hatendi ubaya. Tena samaki wengi wa ziwa hili huzaa hata ndani ya sanduku, na kununua watoto wao huupumzisha mwamba. Lakini hapo napo tuangalie: wote wakinunua wale waliozaliwa Ulaya tu, mvuvi wetu atapata wapi riziki yake? Mwenye haki hamsahau samaki, wala hamsahau mtu. Atakayewataka wa ziwani, awatwae wachache, waliovuliwa kwa ruhusa ya nchi, kwa bei inayomfaa aliyezama.

Na kabla ya kununua, ajiulize: nina nafasi ya kuwatosha? Nitawatunza miaka 10? Nikichoka, nitampa nani? Maana kuwamwaga katika mto wa ugenini ni kuongeza kosa juu ya kosa. Mungu alimpa mtu kutawala samaki, na mtawala mwema huulizwa habari za walio chini yake. Dawa ya deni ni kulipa. Asiyeweza kuwa ziwa, amwache samaki ziwani.