Makufuli Matatu

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa huwa na makufuli matatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mtindo huu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa huko, kisha ukatufikia.

Wengi hudhani makufuli ni ya mwizi. Mwizi angebeba sanduku zima! Anayezuiwa hasa ni mwenye pesa mwenyewe, usiku ule shemeji amemuudhi, au amepigiwa simu kuhusu biashara ya kutajirika kwa wiki mbili. Mpaka siku ya mkutano ifike na wenye funguo wakutane, joto limeshuka. Mkopo huombwa mbele ya wanakikundi wote. Faini ya kuchelewa imeandikwa kwenye katiba ya kikundi. Hata huruma ina fungu lake: mfuko wa jamii, kwa msiba na ugonjwa.

Mwenye mshahara anayeweka akiba “ikibaki” hana hata kufuli moja. Aiagize benki ihamishe fungu la akiba siku ileile mshahara unapoingia, kabla rafiki hajapiga simu ya nyama choma.